Mazoezi ya Kupanda Ndege, Ntinda

Harufu ya mbinguni, kwa mujibu wa tajiri mmoja wa Kampala, ni mchanganyiko wa mafuta ya jeki, matapishi ya jana na dawa ya kusafishia choo. Mimi nimeinusa. Niliinusa nikiwa na miaka kumi, ndani ya sanduku la bati lisilo na dirisha, pale Ntinda, na mpaka leo nikipita karibu na gereji huvuka barabara. Sanduku lenyewe lilikuwa na ukubwa wa basi dogo, limepakwa rangi nyeupe, limesimama juu ya jeki nne za chuma zilizorefuka na kufupika kwa nguvu ya mafuta. Ndani kulikuwa na viti kumi na viwili, mikanda, na kioo kikubwa cha picha mbele. Mlango ukifungwa, taa zilizimwa, na kwenye kioo ikaanza picha ya chombo kinachokimbia angani katikati ya mawe. Chombo kikiinama kwenye picha, jeki nazo zililiinamisha sanduku. Kikigonga jiwe, nawe ulirushwa mpaka meno yakagongana. Dakika nne, basi, shuka. Tajiri aliliita Roketi. Alikuwa amelinunua likiwa limeshachoka huko ng'ambo, ubavuni limeandikwa maneno ambayo hakuna mtu Kampala nzima aliyeweza kuyasoma, akalitua kwenye bustani yake ya michezo kati ya bembea na farasi wa plastiki, kisha akatangaza kwamba sasa Uganda imefika anga za juu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa debe kweli.

Mwanzoni wateja wake walikuwa watu wa Ntinda wenyewe, wale wenye mageti na mbwa, waliowaleta watoto wao siku za kuzaliwa na keki ndani ya boksi. Lakini picha ilikuwa ile ile moja. Mtoto akishapanda mara tatu alijua jiwe la kwanza linatokea kulia na la pili kushoto, na watoto wa Ntinda walikuwa na televisheni nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, Roketi ilikuwa imebaki na kunguru juu ya paa. Ingekufa kifo chake cha kawaida na nisingekuwa na haja ya kuiandika. Kilichoifufua ni sisi Wakongo. Nasema sisi, lakini nikisema ukweli wote, kilichoifufua ni mdomo wangu.

Tulikuwa wakimbizi kutoka Uvira: mama, mimi na Koko. Koko ndivyo watu wa kwetu tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Baba alibaki kule, chini ya udongo. Tulipanga chumba kimoja na nusu kwenye mteremko wa Lubaga, mahali ambapo kengele za kanisa kuu zilitikisa vyombo kabatini, na ile nusu ya chumba ilikuwa yangu na Koko. Mama alishinda akizunguka mitaani na vitenge begani. Aliyenilea, aliyenisuka, aliyenitwangia sombe, yale majani ya muhogo, na kunipiga nilipostahili ni Koko. Nilikuwa nikilala nimeshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na asipokuwepo sikupata usingizi. Majina yetu matatu yalikuwa kwenye faili moja katika ofisi inayowapeleka wakimbizi ng'ambo, na ofisi ilikuwa imetuambia tujiandae kwenda Kanada, siku yoyote, tukae mkao wa kuitwa. Mama alifurahi. Mimi nilifurahi. Koko hakufurahi. Ndege pekee alizowahi kuziona kwa karibu zilikuwa za vita, na hata ya abiria ikipita juu ya Lubaga ikielekea uwanja wa Entebe aliacha mchi kinuni akaingia ndani mpaka sauti ipotee.

Kanisani kwetu kulikuwa na jambo lililoitwa somo la safari. Kila Jumapili baada ya ibada mabenchi yalipangwa mawili mawili, na waliokuwa wakingojea kuitwa wakakaa kama abiria, wakajifungia mishipi ya suruali tumboni, wakafundishwa kuomba maji kwa adabu na kuuliza choo kiko wapi. Mwalimu alikuwa shemasi mmoja ambaye sifa yake ilikuwa kwamba aliwahi kuruka. Aliruka kweli, kutoka Bukavu mpaka Kinshasa, kwenye ndege ya mizigo, amekaa juu ya magunia ya maharage. Kwa ujuzi huo akawafundisha watu kwamba ndege hutikisika safari nzima, kwamba masikio hutoa damu kidogo na si jambo la kushtua, na kwamba mtu asiyezoea huweza kuzimia na kushushwa njiani. Wapi njiani? Hakuna aliyeuliza. Watu wazima, wengine wao walimu na makarani huko walikotoka, waliandika maneno yale kwenye madaftari. Mpaka leo nashangaa jinsi kungojea kunavyompunguzia mtu akili. Ukingojea miaka mitatu simu moja tu, utamwamini yeyote anayejifanya anajua kinachokuja baada ya simu hiyo.

Ndipo shule yetu ikatupeleka kwenye ile bustani mwishoni mwa muhula. Nilipanda Roketi mara moja, nikatoka nimelewa. Sikuwa nimewahi kuwa na kitu cha anasa maishani, na kile kilikuwa anasa tupu: kutupwa huku na huku bila sababu, kupiga kelele bila mtu kukukaripia. Nilitaka kupanda tena kiasi cha kuumwa. Lakini mama hakuwa na cha kuchezea, na kumwomba pesa za bembea ilikuwa kujitafutia kofi. Nilifikiri njia nzima kutoka shuleni, nikapata jibu, na nikajiona nina akili kuliko darasa zima. Jioni ile, mbele ya shemasi aliyekuja kututembelea, nikasema kwamba pale Ntinda kuna mashine ya kufundishia watu kupanda ndege. Nikasema ina viti, ina mikanda, inatikisika vile vile kama shemasi alivyofundisha. Nikamgeukia Koko, nikamshika mkono, nikamwambia, "Koko, ndege iko hivi hivi. Ukiweza hii, umeweza ile."

Nilijua ni uongo. Picha ile ilikuwa ya mawe na nyota. Hata mtoto wa chekechea angejua si safari ya Kanada. Lakini shemasi hakwenda kuiona picha kwanza. Alifurahi kusikia kwamba kuna mashine inayomuunga mkono, na Jumapili iliyofuata akaitangaza madhabahuni.

Jumamosi baada ya hapo Wakongo walishuka Ntinda kama kwenye harusi. Walikuja na masweta ya baridi jua likiwaka, wakaja na mabegi, kwa sababu kama ni mazoezi basi ni mazoezi ya kila kitu. Tajiri alitoka ofisini akakuta foleni, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Wiki ile ile alipaka rangi ubao mpya: MAZOEZI YA NDEGE. Yule kijana wake wa kuendesha mashine, aliyekuwa zamani akiendesha kinu cha kusaga mahindi, akashonewa kwa mafundi wa mtaa wa Wandegeya shati jeupe lenye mistari minne mabegani, akaanza kuitwa Kapteni, na alilivaa kwa majivuno ya kuchukiza. Kila aliyeshuka aligongwa muhuri mkononi. Muhuri wenyewe ulikuwa wa kugongea risiti za soda, lakini uvumi ukaenea kwamba ofisi ya safari huangalia mikono, na wenye muhuri huitwa kwanza. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja wa Kibembe akioga na mkono mmoja juu ili usifutike. Mjinga ndiye aliwaye, na tajiri yule alikula akashiba. Jioni alisimama mlangoni na tumbo lake, anawasalimia watu, anawatakia safari njema. Nikimkumbuka natamani kutema mate.

Koko alikataa majuma manne. Kila mara nilirudi kwake na wimbo ule ule, kwamba wenzake wote wamepanda, kwamba fulani ana miaka sabini na ameshuka anacheka. Mama alinisaidia, masikini, akidhani nafanya kazi ya heri. Mwishowe Koko alikubali kwa namna yake: alikata kipande cha kitenge akashona kamfuko ka kuning'iniza shingoni. Alieleza kwamba ofisi imesema hati zitabebwa kwenye mfuko, hivyo afadhali azoee kuwa na mfuko. Ndani yake aliweka rozari, picha ya babu, na kipande cha tangawizi cha kuzuia kichefuchefu. Alivaa kitenge alichokuwa anakihifadhi kwa siku ya safari yenyewe. Tulipofika, Kapteni alimshika kiwiko kumpandisha ngazi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kampala, akimwita bibi kwa Kiganda, "Jaja, wewe usiogope. Hii iko kitu kidogo sana." Mimi nilikwisha kukaa kiti cha mbele kabisa, kile kilichorushwa zaidi. Sikukaa naye. Hili nalisema wazi kwa sababu nimeshalificha vya kutosha: nilimwacha Koko akae nyuma na mama, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa kitamu zaidi.

Mawe yalianza. Nikapiga kelele za furaha. Nyuma yangu nilisikia Koko akiita jina la Bikira Maria mara moja tu. Tulifika pale chombo kinapoingia shimoni, sanduku likainamisha pua mpaka tukaning'inia kwenye mikanda, na hapo umeme wa Kampala ukafanya kazi yake ya kawaida. Picha ikazimika. Feni ikazimika. Tukabaki tumeinama kichwa chini kwenye giza, mlango nao ulikuwa wa umeme. Nje tulisikia Kapteni akigombana na mtu kuhusu jenereta lisilo na petroli. Mtu mmoja alitapika, harufu ikajaa. Kisha kwenye giza lile Koko akaanza kuita majina, taratibu, la baba yangu likiwa la kwanza. Yote yalikuwa ya watu wetu waliokufa siku tuliyotoka Uvira. Hakulia. Aliwaita kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoijua. Mama alimwambia, mama, tuko Ntinda, tuko kwenye mchezo tu, na Koko hakumsikia. Sijui tulikaa humo muda gani. Walipovunja kufuli na mwanga ukaingia, nilimwona ameushika ule mfuko wa kitenge mdomoni kwa meno, na kitenge chake cha safari kimelowa. Kapteni alimsaidia kushuka. Halafu, Mungu wangu, akamgonga muhuri.

Nyumbani alioga, akakunja kile kitenge kikiwa bado kibichi, akakaa kwenye mkeka. Mama alikuwa anamlaani tajiri, shemasi, kampuni ya umeme, kila mtu. Koko alimngoja amalize. Kisha akaniangalia mimi, bila hasira yoyote, na angenichapa ningemshukuru.

"Ulisema nikiweza hii, nimeweza ile," akasema. "Miye sikuweza."

Nilipaswa kusema pale pale. Maneno yalikuwa mepesi: Koko, nilidanganya, ndege si hivyo, nilitaka kucheza. Nilifungua mdomo, nikamwona mama alivyo na hasira, nikaufunga. Mwoga wa miaka kumi ni mwoga kamili, asidanganywe mtu na udogo wake.

Simu iliita baada ya mwezi. Mama alibembeleza, akalia, akapiga magoti. Shemasi aliitwa kuja kumtia moyo, akaja na Biblia na hadithi yake ya magunia ya maharage. Ofisi ilieleza kwa upole kwamba faili haiwezi kungoja. Mzee akitaka anaweza kutia sahihi ya kujitoa, wengine waende, wote wakibaki faili itafungwa. Mama alisema basi tutabaki wote. Koko ndiye aliyekataa. Alikwenda ofisini mwenyewe kwa miguu, kutoka Lubaga, bila kutuaga, na kwa kuwa hakujua kuandika alichovya dole gumba kwenye wino akaligandamiza kwenye karatasi. Alirudi kidole cheusi, akaanza kutwanga sombe. Safari yetu ya Kanada ikabaki ya watu wawili.

Roketi nayo haikudumu. Habari za ajuza wa Lubaga zilizunguka, wanawake wakaanza kusita, na kanisa likarudi kwenye mabenchi. Jeki zilianza kuvuja. Tajiri, kwa ubahili wake, akazijaza mafuta ya kupikia badala ya yale yanayotakiwa, ikawa sanduku likitikisika bustani nzima inanuka chapati. Baadaye lilitikisika upande mmoja tu, na wiki tuliyoondoka lilikuwa limelala ubavu, mbuzi amefungwa kwenye ngazi yake. Sikulihurumia.

Siku ya safari nilikaa dirishani. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka ndege itikisike, nitapike, masikio yatoe damu, ili angalau nisiwe mwongo kabisa. Iliondoka Entebe kwa kuinua pua kidogo, ikatulia. Mhudumu alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki, nikakiweka kwenye meza ndogo mbele yangu nikakikodolea macho. Maji yalikaa. Tulivuka nchi ambazo sizijui na maji yamekaa tu, shwari kuliko kwenye mtungi wa Koko. Mama aliniuliza mbona sinywi. Nikamwambia sina kiu.

Mwaka jana nilirudi Kampala, nikiwa na umri aliokuwa nao mama wakati ule. Nilianzia Lubaga, kwenye kaburi, maana Koko aliishi miaka minne tu baada yetu. Kisha nikaenda Ntinda. Bustani haipo, pamejengwa jengo la maduka lenye ngazi zinazojiendesha, na ghorofa ya juu kuna kijana anayewavalisha watoto miwani mizito ya kufunika uso mzima, wakae kwenye kiti, wapige kelele wakidhani wanaruka. Wazazi wamesimama pembeni na simu, wanapiga picha. Hakuna aliyewadanganya kwamba ni mazoezi ya kitu chochote, na hiyo nadhani ndiyo hatua yote tuliyopiga. Sanduku nililikuta nyuma ya soko, kwenye kinu cha kusaga. Linawekewa pumba. Mwenye kinu ni yule Kapteni, amenenepa, mvi kichwani, vumbi la unga mpaka kwenye kope. Nilimuuliza kama anamkumbuka mama mzee wa Kikongo aliyekwama humo umeme ulipokatika. Alifikiri kwa bidii, nikamwona anataka kweli kunisaidia.

"Nyinyi mulikuwa wengi," akasema. "Na umeme ilikuwa inakatika kila siku."

Hakukumbuka. Nilikuwa nimekwenda na dharau yangu yote ya miaka ishirini, nimeipiga pasi, na sikuona pa kuiweka. Yeye alikuwa mtu wa kinu aliyevalishwa shati. Tajiri aliona foleni. Shemasi alikuwa ameruka kweli, juu ya maharage, na alisema alichokiona. Katika watu wote wa jambo lile, aliyejua kuwa si kweli alikuwa mmoja tu.

Na alipata nafasi ya pili, huyo mmoja. Wiki ya kwanza Kanada mama alinunua kadi ya simu, tukampigia Koko kwa simu ya jirani. Mama aliongea, akalia, akanipa mimi. Sauti ya Koko ilikuwa mbali na ndogo. Hakuuliza habari za theluji wala za chakula. Aliuliza jambo moja: ndege ilitikisika? Niliuona ule mfuko wa kitenge kwenye meno yake, na dole gumba jeusi. Nikafikiri: nikimwambia ukweli sasa, atajua alibaki bure.

"Ilitikisika sana, Koko," nikasema. "Kuliko ile ya Ntinda."

Akavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Nilijua," akasema. "Aksanti, mutoto wangu, kunipeleka kwa ile sanduku. Bila wewe ningelipanda ile ndege kweli."